Mgagani hauoti? Anza kwa kuuliza umri wa mbegu

Kila msimu nasikia lawama ileile kuhusu mboga hii ya majani: "Nimepanda mgagani, haukuota." Ukidadisi, unakuta mbegu ilivunwa kwa jirani wiki mbili zilizopita. Mbegu ya mgagani ikitoka tu kwenye ganda huwa imelala, na hata uimwagilie namna gani, nyingi hazitaamka. Iweke mahali pakavu miezi 3 hadi 6 kwanza.

Jambo la pili ni kina. Mbegu zenyewe ni ndogo na nyeusi, na mwanga huzizuia kuota, kwa hiyo usizimwage juu ya ardhi ukaziacha wazi. Lakini pia usizifukie kama mahindi. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1 hivi, mstari hadi mstari sentimita 30, changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, kisha funika kidogo. Udongo ukiwa na joto, miche huchomoza ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwenye baridi, mfano Lushoto mwezi wa Julai, utangoja sana. Miche ikishika, ipunguze ibaki mche hadi mche sentimita 10 hadi 15.

Huu ni mmea wa pori, na kwa mazoea hujiotea pembeni mwa zizi la ng'ombe. Hapo umeshaambiwa unapenda nini: samadi iliyooza vizuri.

Wanaosema mgagani ni wa ukame hawakosei, ila wanaishia njiani. Kwenye ukame haufi upesi, lakini hukimbilia kutoa maua, majani yakabaki madogo. Ukitaka mboga, mwagilia, bila kutuamisha maji, maana mizizi yake haistahimili kulowa. Anza kuchuma wiki ya 4 hadi ya 6, na ukate ncha mapema utoe matawi. Maua yakianza kuchungulia, yachomoe. Ukichelewa, mmea unaacha majani na kuhamia kwenye mbegu.

Vidukari vikiingia, kagua chini ya majani na ung'oe miche iliyozidiwa. Dawa iwe ya mwisho kabisa, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kopo zifuatwe, kwa kuwa hili ni jani la kwenda sufuriani. (Uchungu wake ni suala la mpishi. Magharibi ya Kenya, ambako Waluo huuita dek na Wakisii chinsaga, hupikwa na maziwa.)

Kwenye mbegu ndipo wengi wetu tunajiharibia. Tunachuma miche mizuri mpaka iishe, halafu tunavuna mbegu kwa ile iliyochanua mapema, tuliyoiona haina faida. Mwaka unaofuata shamba zima linachanua mapema. Weka kando miche michache yenye majani mapana, iliyochelewa kuchanua, na usiichume kabisa. Nyuki nao watapata chakula. Maganda yakigeuka manjano, yakate kabla hayajapasuka, yaanike juu ya turubai, pura, pepeta, na uandike mwezi wa kuvuna kwenye mfuko.