Pafu la chupa: somo la upumuaji kwa darasa la nne hadi la sita

Anza na swali: hewa huingia ndipo kifua kikatanuka, au kifua hutanuka ndipo hewa ikaingia? Wengi huchagua la kwanza, kwa kuwa wamezoea kupuliza puto. Andika kura ubaoni, usisahihishe. Chupa itajibu.

Kila kikundi cha wanafunzi wanne kipewe chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita na kifuniko chake, maputo mawili, ganda la kalamu ya Bic, rababendi, selotepu na plastisini. Chupa nyembamba ya maji haifai: ukivuta, ubavu wake hubonyea na puto la ndani halijai. Mrija wa soda nao hubanwa na rababendi.

Kazi ya kisu na moto ni ya mwalimu, tena kabla ya kipindi. Kata robo ya chini ya chupa, funika ukingo kwa selotepu usichane vidole wala puto. Toboa kifuniko kwa msumari wa moto, tundu liwe dogo kidogo kuliko kalamu.

Sasa wanafunzi. Ganda la Bic lina kitundu ubavuni. Kizibwe kwa selotepu. Hiki ndicho husahaulika zaidi, na kikiachwa hakuna kitakachofanya kazi. Puto la kwanza lipulizwe mara mbili tatu lilainike, livishwe kwenye ncha ya ganda na kufungwa. Ganda lipitishwe kifunikoni kutokea ndani, puto lining'inie chupani, kisha plastisini izungushwe. Puto la pili lifungwe fundo bila kupulizwa, likatwe upande wa mviringo na kuvutwa juu ya ukingo uliokatwa. Hicho ndicho kiwambo, mfano wa msuli ulio chini ya mapafu. Fundo ni mkono wake.

Vuta fundo taratibu. Nafasi ndani ya chupa inaongezeka, mgandamizo unapungua, hewa ya nje inaingia. Puto lisipojaa, paka maji ya sabuni kwenye viungo na usukume kiwambo juu: povu litaonyesha panapovuja.

Rudini kwenye kura. Kisha kila mtoto aweke viganja mbavuni na avute pumzi, aseme chupa imekosa nini. Mbavu zetu hupanda. Chupa imekaa tu. Pafu nalo si mfuko mtupu, ni kama sponji yenye vifuko vidogo mamilioni. Na angalia michoro yao: wengi huchora kiwambo kikining'inia kama cha chupa. Kiwambo cha mwili ni msuli uliobinuka kama kuba, nao ukikaza hushuka na kuwa bapa zaidi.