Zimwi Mezani: Uhalisia Kiasi Gani Unatosha?

Ukiendesha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia mezani: kila mchezaji huigiza mhusika wake, nawe unayeendesha unasimamia mazimwi) Mombasa hukosi mchezaji wa kukubishia. Sema mamba amelifukuza kundi la wahusika wao nchi kavu nusu saa nzima, aliyekulia kando ya Mto Tana atacheka na mchezo usimame. Ukijitia kumridhisha kwa somo la misuli ya taya na mmeng'enyo wa chakula, wenzake wanatoa simu. Kipimo changu ni kimoja: uhalisia unaohitajika ni ule unaomwezesha mchezaji kukisia zimwi litafanya nini. Uliobaki ni mapambo, weka ukipenda.

Tutumie mfano wa mamba jitu kwenye hori la kubuni lenye mikoko, mfano wa Tudor.

Hatua ya 1: Amua zimwi linataka nini

Sentensi moja tu. "Mamba anataka kumbeba mmoja na kuzama naye." Basi. Hataki kuwaua wote, maana hawezi kuwala wote. Sentensi hiyo inakupangia pambano zima: atamvizia aliye pembeni, atauma na kushikilia, kisha atarudi nyuma kuelekea majini. Hataliachia windo lake ili akapigane na mchawi aliyesimama mbali, hata kama kikanuni ingekuwa busara.

Hatua ya 2: Tanguliza dalili

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote. Zimwi lisilotanguliwa na dalili ni ajali tu, na mchezaji hana la kuamua kwenye ajali. Mimi huweka dalili tatu, kwa sababu ya kwanza hakuna anayeisikia.

Kwa mamba wetu: maji yamekupwa, mizizi ya mikoko iko nje, kaa wametapakaa kila mahali isipokuwa sehemu moja pana kama jamvi. Hapo matope yamelazwa laini, na katikati pana mfuo mrefu unaoshuka hadi majini. Kwenye mzizi umenasa ukanda wa ndala. Ukishasema hivyo, nyamaza. Usiongeze "mnahisi hatari." Waache waulize, na wakiuliza swali zuri, kwa mfano maji yanaanza kujaa saa ngapi, wape jibu la kweli bila kuwatupisha dadu.

Hatua ya 3: Pima saa na umbali

Kwenye D&D mzunguko mmoja, yaani kila mmoja kupata zamu yake mara moja, ni sekunde 6. Pambano la mizunguko 10 ni dakika moja tu, kwa hiyo maji hayawezi kujaa katikati ya mapigano hata siku ya bamvua. Lakini wakikaa saa nzima wakibishana nani atangulie kuvuka, yajaze bila huruma. Mamba jitu wa toleo la kanuni la 2014 huogelea futi 50 kwa zamu, kama mita 15, na nchi kavu futi 30. Maji yakipanda, mwenye faida ni yeye, na wachezaji wanalijua hilo bila kuambiwa.

Hesabu hiyohiyo itakusaidia kwa askari wa ngome. Binadamu wa kawaida akitimua mbio huenda futi 60 kwa mzunguko, kama mita 18. Askari aliye mita 90 atafika mzunguko wa tano. Wachezaji wakipiga kelele langoni, anza kuhesabu mbele yao.

Hatua ya 4: Weka mahali pa kukata tamaa

Kiumbe hai hapigani mpaka tone la mwisho bila sababu. Toleo la msingi la D&D la 1981 lilikuwa na kanuni nzuri ambayo bado naitumia: kila zimwi lina namba ya ujasiri, unatupa dadu mbili za pande sita mwenzao wa kwanza anapokufa, na tena nusu yao wakishaanguka. Jumla ikizidi namba ile, wanakimbia au kusalimu amri. Goblini, kizimwi kidogo, ana 7, yaani uwezekano wa kuvunjika ni 15 kati ya 36 kila unapopima. Mifupa inayotembea ina 12, haivunjiki kamwe, na hiyo ndiyo inayotisha kuliko panga zake.

Mamba wetu yuko peke yake, kwa hiyo namrahisishia: ana pointi 85 za uhai, zikishuka chini ya 40 anaachia windo na kuzama. Mpe kundi ushindi wao na alama zao kamili za uzoefu. Wengi huwanyima kwa kuwa zimwi halikufa, na hapo ndipo wachezaji wanapojifunza kuchinja kila kitu.

Hatua ya 5: Kata mabishano

Joka lenye uzito ule linarukaje? Linaruka. Zimwi la pangoni hula nini wasipopita wasafiri? Ruka swali, isipokuwa mtu anapanga kulitega kwa chambo. Hapo jibu linahitajika, tena haraka.

Akibisha, muulize: "Ungejua hilo mapema, ungefanya tofauti?" Akisema hapana, endeleeni. Akisema ndiyo, mruhusu abadilishe zamu yake, kisha uandike uamuzi huo daftarini, maana kikao kijacho atautumia dhidi yako.