Somo: Kusoma utapiamlo kwenye mwili wa mtoto, kuanzia miguuni mpaka machoni

Asubuhi pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa yanapangwa kwenye malori kwenda mikoani na nje ya nchi. Mwendo wa daladala moja tu kutoka hapo kuna mtoto anayekunywa uji mweupe wa mahindi na sukari, kutwa mara mbili, na analala ameshiba. Mama yake akiulizwa kama mtoto anakula, atajibu anakula vizuri, na wala hadanganyi. Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza mtoto anakula nini. Tumkague kwanza.

Unahitaji mwanga wa mchana, tepe ya fundi cherehani isiyovutika, na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Hatua ya 1: Miguu

Mkalishe mtoto mapajani mwa mama. Weka dole gumba lako juu ya mguu wake wa kulia, upande wa mgongo wa mguu, na lingine juu ya mguu wa kushoto. Bonyeza yote mawili kwa pamoja, bila kuumiza, kwa sekunde 3, kisha achia. Usitazame tu, pitisha kidole juu yake: kama kuna shimo limebaki, kama vile umebonyeza unga wa maandazi, na lipo miguu yote miwili, huo ni unyafuzi, ambao wengi tunauita kwashakoo. Hapo acha kupima mengine, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mguu mmoja peke yake ukivimba ni jambo jingine, huenda jeraha au usaha.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, tukae kidogo. Mtoto wa kwashakoo anaonekana amenenepa. Mashavu yamejaa, mizani inapanda, kadi ya kliniki inapendeza, na majirani wanasema amenawiri. Yale ni maji. Zamani ilifundishwa kwamba ni uhaba wa protini peke yake, lakini mambo ni mapana zaidi: ini limejaa mafuta, potasiamu imepungua mwilini, chembe hai zimeshindwa kusukuma chumvi nje, na chumvi ikibaki maji nayo yanabaki. Moyo wenyewe umedhoofu. Ndiyo sababu mtoto huyu hatakiwi kushindiliwa nyama, maharage na supu yenye chumvi kwa siku moja ili "apate nguvu". Moyo unaweza kuzidiwa akafa ndani ya siku mbili tatu za kulishwa vizuri. Hospitali huanza na maziwa mepesi maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana, na hata madini ya chuma hayatolewi wiki ya kwanza.

Njiani kwenda kituoni fanya mambo mawili. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, na umfunike kichwa, kwa sababu mwili wake hauwezi kutunza joto. Kama yuko macho na anameza, mpe kijiko cha chai kimoja cha sukari kilichojaa, kilichokorogwa kwenye vijiko vya chakula vitatu na nusu vya maji safi, taratibu. Sukari ya damu ikishuka usiku, mtoto hulala moja kwa moja. Na usitulizwe na mwili usio na homa: mwili uliochoka kiasi hicho hushindwa hata kupandisha homa, japo ndani kuna nimonia.

Hatua ya 2: Mkono

Mkono wa kushoto. Ukunje kwenye kiwiko ufanye pembe mraba, pima kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama ya kalamu katikati. Kisha unyooshe mkono uning'inie wenyewe, uzungushie tepe pale kwenye alama. Tepe iguse ngozi pande zote bila kuibana. Kosa la kawaida ni kupima mkono ukiwa bado umekunjwa, au kukisia katikati kwa macho.

Chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni wa kadiri, aandikishwe kituoni afuatiliwe. Kuanzia 12.5 kwenda juu mkono uko salama, ila kumbuka kuwa mkono mzuri haufuti miguu iliyovimba. Aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika na ngozi ya makalio imelegea kama suruali kubwa ana nyongea. Wapo walio na vyote viwili.

Hatua ya 3: Nywele, ngozi na mdomo

Nywele nyepesi, zimegeuka rangi ya kutu, zinang'oka bila maumivu. Ngozi inayobambuka mapajani kama rangi ya ukuta. Pembe za mdomo zilizochanika huashiria vitamini za kundi B, hasa B2, lakini pia fangasi na mate. Dalili za hatua hii peke yake zisikutie hofu. Zihesabu pamoja na nyingine.

Hatua ya 4: Kiganja

Fungua kiganja cha mtoto bila kukikaza, ukiweke kando ya chako mwenyewe, mkiwa kivulini, si chini ya jua kali. Kikiwa cheupe kuliko chako, damu imepungua. Kikiwa cheupe karibu kama karatasi, ni dharura. Maabara itaeleza zaidi: hemoglobini, yaani wekundu wa damu, ikiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 23, au chini ya 11 kwa wa miezi 24 mpaka 59, ni upungufu, na chini ya 7 ni mkali.

Usikimbilie kusema "lishe" bado. Kanda yetu damu inaliwa na wengi: malaria, safura inayoingia kwa miguu pekupeku, kichocho cha ufukweni, na selimundu ambayo Kanda ya Ziwa inayo kwa wingi. Ukimpa mtoto wa selimundu madini ya chuma kwa kubahatisha, unaweza kumjazia chuma asichohitaji, hasa kama amewahi kuongezewa damu. Apimwe kwanza.

Kama ni chakula, tazama pia kinywaji. Chai ya rangi pamoja na mlo hufunga madini ya chuma yasifyonzwe. Iache ikae mbali na chakula kwa saa moja. Ndimu, pera, embe au nyanya mbichi hufanya kinyume chake, husaidia chuma kilichomo kwenye mboga na maharage kuingia.

Hatua ya 5: Macho

Subiri magharibi, kabla taa haijawashwa. Mtoto anayejikwaa kwenye kigoda anachokijua, au anayekaa kimya pembeni wenzake wakicheza, huenda haoni kwenye giza dogo. Hiyo ndiyo alama ya mwanzo ya uhaba wa vitamini A, kwa sababu retina inaitumia kutengeneza rangi inayonasa mwanga hafifu. Baadaye jicho hukauka, na kwenye sehemu nyeupe, mara nyingi upande wa sikio, hutokea doa kama povu la sabuni. Mpaka hapo linapona. Kioo cha jicho kikianza kulainika, kinaweza kutoboka kwa siku chache tu, na surua huharakisha hilo. Mwenye dalili za macho hupewa dozi tatu za vitamini A: siku ya kwanza, ya pili, na baada ya wiki mbili.

Kwa kinga, matone hutolewa kila miezi 6, Juni na Desemba: kidonge cha bluu chenye yuniti 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, na chekundu chenye 200,000 kwa mwaka 1 hadi chini ya 5. Mjamzito asiguse dozi hizo kubwa, zinaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Hatua ya 6: Bakuli

Hii ni ya mtoto aliye salama au anayefuatiliwa, mwenye hamu ya kula. Unga wa dagaa ndio tunaoupendekeza kuliko wowote, kwa sababu dagaa huliwa mzima: mifupa ina kalsiamu, kichwa na tumbo vina chuma, zinki na vitamini A. Ukitoa kichwa umetupa nusu ya dawa.

Nunua dagaa waliokaushwa juu ya kichanja, si mchangani. Waloweke kwenye maji mengi, koroga, subiri dakika mbili, waopoe kwa juu. Mchanga utabaki chini. Rudia mpaka chini ya beseni pasibaki kitu. Waanike tena wakauke, wakaange kavu kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha kwa chekecheke la chai. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, utumie ndani ya wiki tatu au nne. Mafuta ya dagaa huchacha, na unga unaonuka kama rangi ya mafuta umeharibika.

Tumbo la mtoto hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 8 anapata kama 240, kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo uji mwepesi unamjaza maji. Pima hivi: inamisha kijiko, uji mzuri hubaki juu yake, haumwagiki kama maji. Kwa kikombe hicho tia kijiko cha chakula kimoja cha unga wa dagaa na kijiko cha chai kimoja cha mafuta. Mawese ni bora zaidi, yana vitamini A na pia huisaidia iingie mwilini. Uji ukiwa mzito mno, ongeza kijiko cha chai cha kimea cha ulezi, utalegea bila kuongeza maji, kisha uchemke tena dakika chache.

Miezi 6 hadi 8 milo 2 au 3 kwa siku, miezi 9 hadi 23 milo 3 au 4, pamoja na kitafunwa. Ziwa la mama liendelee.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Buhongwa:* Unga wa lishe ninaosaga una vitu kumi na mbili, mpaka karanga na mchele. Mtoto haongezeki.

Mama, wingi wa vitu si wingi wa lishe. Nafaka nne pamoja bado ni wanga. Chagua nafaka moja, jamii ya kunde moja, na dagaa tia wakati wa kupika. Karanga zikisagwa na kukaa mwezi kwenye ndoo yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na hiyo yenyewe huumiza ini. Saga wa wiki mbili tu. Kisha angalia uzito wa uji.

*Dada wa Sengerema:* Mkwe anasema mtoto amebemendwa, nimuachishe ziwa tumpeleke kwa mganga. Miguu imejaa.

Dada, shikamoo yake mpelekee mkwe, lakini mtoto mpeleke kituoni leo. Maziwa ya mama hayaharibiwi na tendo la ndoa. Kinachotokea mara nyingi ni mimba mpya, mtoto anaachishwa ghafla, anabaki na uji mtupu. Jina kwashakoo lenyewe lilitoka Ghana kwa lugha ya Kiga, na linazungumzia hasa mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake. Daktari Cicely Williams aliandika habari zake mwaka 1933. Usimuachishe.

*Mvuvi, visiwa vya Ukerewe:* Kambini tunakula ugali na samaki tu. Wenzangu wawili ufizi unatoka damu, na kidonda cha nyavu hakifungi.

Kaka, samaki ana protini na B12 ya kutosha, ila vitamini C hana ya maana. Bila matunda wala mboga, dalili za kiseyeye, yaani uhaba wa vitamini C, huanza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sababu mwili hauwezi kujenga nyuzi zinazoshika ngozi na mishipa midogo. Mabaharia wengi walikufa kwa hilo. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli wa Uingereza, aliwapa wagonjwa wake wawili machungwa na malimau, wakapata nafuu haraka. Chukueni ndimu gunia moja mnapovuka, au mapera. Matembele chemsheni kwa dakika tano tu, vitamini C hufa kwa moto mrefu. Ufizi usipotulia ndani ya wiki mbili, waonane na daktari wa meno.

*Mwanachama wa Tarime:* Muhogo mchungu unaweza kuumiza miguu kweli?

Kweli. Ugonjwa unaitwa konzo, na Tarime uliripotiwa mwaka 1985 wakati wa njaa. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sianidi. Mwili huiondoa kwa kutumia salfa iliyomo kwenye protini, na asiye na protini hana cha kuiondolea. Miguu hukakamaa ghafla na haipoi tena. Menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, kamua, anika mpaka ukauke kabisa. Kisha ule pamoja na dagaa au maharage.

*Baba wa Misungwi:* Wangu wa kiume ana miaka 2 na sm 78. Ukoo wetu ni wafupi.

Mpime akiwa amesimama, bila viatu, visigino ukutani. Mvulana wa miaka 2 kamili akiwa chini ya sm 81 amedumaa, msichana chini ya 79.3. Kabla ya miaka 5 chakula na maradhi huamua urefu kuliko ukoo. Mkono wake unaweza kuwa mzuri kabisa, tepe haioni udumavu. Kama anaharisha mara kwa mara, kila akiharisha apate zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na chumvichumvi ya kuongeza maji. Mpatie pia viazi lishe vya rangi ya chungwa, mbegu ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ni jirani zako. Michembe yake ianikwe kivulini, jua kali hula vitamini A.