Nyimbo ziko kwenye kompyuta, spika zipi? Mwongozo wa fundi kutoka Tabora

Wateja wengi wanaonijia hapa mjini huanza na swali lilelile: "Fundi, ninunue sabufa ya wati ngapi?" Huwa silijibu. Namwambia mteja anipigie kwanza wimbo mmoja kutoka kwenye kompyuta yake, halafu anieleze sebule yake ikoje.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye mpwa wake alimjazia kompyuta nyimbo zaidi ya 3,000 za dansi. Tabora Jazz walikuwemo, bila shaka. Akanunua sabufa iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa "12,000W". Nikaigeuza. Nyuma kuna kilebo kidogo: 230V, 50Hz, 60W. Hesabu ni hiyo tu: kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kukurudishia maelfu. Ila malalamiko ya mzee hayakuhusu wati. Alisema, "Besi naisikia mpaka tumboni, lakini gitaa la pili silisikii." Alikuwa sahihi kabisa. Dansi ni magitaa yanayojibizana, na magitaa hayo pamoja na sauti ya mwimbaji hukaa katikati ya masafa ya sauti, baina ya besi na milio mikali, mahali ambapo sabufa nyingi zenye vispika vidogo vya pembeni ni dhaifu.

Hatua ya 1: Kagua nyimbo kabla ya kutoa hela

Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili, fungua sifa zake, soma kasi ya biti (bitrate), yaani data ya sauti kwa kila sekunde. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 320 inasikika vizuri sana. Ya 128 inaanza kuchakaa kwenye matoazi na makofi, na spika nzuri itakuonyesha uchakavu huo bila huruma. Wimbo wa dakika nne ukiwa na megabaiti 4 hivi, hiyo ni 128. Ukiwa na 10, ni 320. FLAC, faili inayobana sauti bila kutupa chochote, huwa karibu na 25, kutegemea wimbo wenyewe.

Usidanganyike kugeuza MP3 kuwa FLAC. Faili itanenepa lakini kilichotupwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kama bado una CD, zinyonye upya kwa FLAC. Kama una kanda tu, zirekodi kwa Audacity, programu ya bure, kupitia tundu la kuingizia sauti.

Nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti. Flashi si ghala.

Hatua ya 2: Pima chumba

Sebule zetu nyingi ni sakafu ya saruji, kuta za plasta na madirisha ya vioo. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaorudi kama wa bati, hata spika za gharama zitakuumiza masikio. Tandika mkeka mnene au zulia, weka pazia zito, kochi la kitambaa badala ya ngozi ya bandia. Dawa hiyo nimeona ikifanya kazi kuliko kubadilisha amplifaya.

Hatua ya 3: Chagua njia

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni jozi ya spika zenye amplifaya ndani, koni (ile sehemu inayotikisika) za inchi 5 au 6. Unachomeka umeme, unachomeka waya wa kompyuta, basi. Kwa sebule ya kawaida hii ndiyo ninayoipendekeza, maana huna cha kuoanisha wala cha kukosea. Ya pili ni amplifaya na spika, kila kimoja kikinunuliwa peke yake. Hapo soma alama ya Ω, yaani omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: amplifaya iliyoandikwa isishuke chini ya omu 8 usiifunge na spika za omu 4, itachemka.

Wati halisi 20 hadi 30 kila upande zinatosha ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika. Kuongeza wati mara mbili hukupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia lakini haitakushtua. Katika kila shilingi 10, mimi ningetoa 6 kwa spika. Saundikadi ya nje ya USB (kifaa cha kutolea sauti kwenye kompyuta) ije mwisho, na uinunue kama tundu la kompyuta yako lina mchakacho.

Hatua ya 4: Ukienda kwenye mtumba, beba macho

Mtumba una mali nzuri sana, na mitego miwili. Wa kwanza ni volti. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Sisi tuna 230. Mimi mwenyewe, fundi mzima, niliwahi kuchomeka amplifaya ya hivyo bila kugeuza nyuma. Moshi ulitoka kabla sijatoa mkono. Soma kibao cha nyuma, na kama ni 100V weka na bei ya transfoma ya kushusha umeme kwenye bajeti yako.

Mtego wa pili ni sponji inayozunguka koni. Iguse taratibu kwa kidole: ikibonyea na kurudi, sawa, ikimeguka kama mkate mkavu, iache. Ya mpira hudumu zaidi.

Hatua ya 5: Nenda dukani na flashi yako

Usikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji. Yeye amechagua wenye besi. Beba nyimbo tatu unazozijua kama njia ya kwenu: mmoja wa sauti ya mtu na gitaa tu, mmoja wa bendi nzima, mmoja wenye besi. Sikiliza kwa sauti ya chini kwanza. Maneno yakieleweka kwa sauti ya chini, hiyo ni spika.

Hatua ya 6: Funga, panga

Kwenye kompyuta weka sauti karibu na mwisho, uiongoze kwa kitufe cha amplifaya. Zima vile vipambo vya "kuboresha sauti". Kuchezea nyimbo, foobar2000 au VLC zinatosha. Bluetooth hubana sauti upya njiani, kwa hiyo iache kwa ajili ya jikoni.

Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya kompyuta. Ukikoma, tatizo ni njia ya athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na ukishindwa tafuta kitenganishi cha sauti, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya athi, hata kama fundi mwenzangu amekushauri.

Spika zikae mbali na kona, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani, umbali baina yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako, na spika ndogo ya juu ifike usawa wa sikio. Usizisukumie kwenye matundu ya kabati la TV. Mzee wangu alimwita seremala akamchongea stendi mbili za mninga. Nzito, hazitikisiki, na mama wa nyumba hakugomba.

Halafu piga rekodi ya mono, yaani yenye sauti ileile kwenye spika zote mbili. Nyimbo nyingi za dansi za zamani ni mono. Mwimbaji lazima asikike akiwa katikati, kana kwamba amesimama baina ya spika mbili. Akisambaa kila upande na besi ikawa nyepesi, umegeuza waya mwekundu na mweusi kwenye spika moja. Badilisha, sikiliza tena.

Umeme ukikatika, chomoa amplifaya ukutani kabla haujarudi. Na mvua ya Desemba ikianza kupiga bati, zima tu uende ukalale. Sijawahi kuona spika iliyoshinda bati.