Jinsi ya kusoma faili la terminfo baiti kwa baiti (tunatumia terminali yetu wenyewe, korosho)

Wakuu, wiki iliyopita nilikuwa nahangaika na seva ya zamani ya mteja mmoja mwenye ghala hapa Mtwara, ssh naingia freshi kabisa ila nikifungua vim au top naambiwa terminali yangu haijulikani. Nikasema isiwe tabu, nikachukua faili la terminfo (ndilo linaloziambia programu terminali yako inaweza nini) la terminali ninayotumia, xterm-256color, kwenye laptop yangu nikalikopi kule kama lilivyo, wapi, hola. Ndo nikaamua kulifungua nione ndani kuna nini, kumbe ni kitu unaweza kukisoma kwa macho ukiwa na penseli na chai yako pembeni.

Tusianze na xterm, ni kubwa utachoka. Tutengeneze ya kwetu tuiite korosho. Andika haya kwenye faili la korosho.ti, mistari miwili ya chini ianze na kitufe cha Tab (am ni kushuka mstari wenyewe ukifika ukingoni, cols na lines ni safu na mistari, bel ni kengele, cr ni kurudi mwanzo wa mstari, clear ni kufuta skrini):

```
korosho|skrini ya Mtwara,
	am, cols#80, lines#24,
	bel=^G, cr=^M, clear=\E[H\E[2J,
```

Halafu kompaili kwa tic (inageuza maandishi kuwa faili la baiti) uangalie baiti kwa od:

```
mkdir -p ~/.terminfo
tic -o ~/.terminfo korosho.ti
od -A d -t x1 ~/.terminfo/k/korosho
```

Folda inaitwa k kwa sababu jina linaanza na k. Ukiwa kwenye Mac utaikuta 6b, ambayo ni k hiyohiyo kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, kama baiti zote hapa chini), usije ukadhani faili limepotea. Inatoka hivi:

```
0000000 1a 01 19 00 02 00 03 00 06 00 0c 00 6b 6f 72 6f
0000016 73 68 6f 7c 73 6b 72 69 6e 69 20 79 61 20 4d 74
0000032 77 61 72 61 00 00 01 00 50 00 ff ff 18 00 ff ff
0000048 00 00 02 00 ff ff ff ff 04 00 07 00 0d 00 1b 5b
0000064 48 1b 5b 32 4a 00
```

Baiti 70 tu basi. Baiti 12 za kwanza ni heda, namba sita za baiti mbilimbili, na ichukulie kama stakabadhi ya ghalani, yaani kabla hujagusa gunia inakwambia humo ndani kuna nini na kiasi gani. Kuzisoma ni chenji kwanza noti baadaye: baiti ya kwanza unaichukua ilivyo, ya pili unazidisha mara 256 unajumlisha. Kwa hiyo 1a 01 ni 26 na 256, jumla 282, hiyo ndo alama ya kutambulisha faili lenyewe. Zinazofuata ni baiti 25 za majina, vitu 2 vya ndiyo-hapana, namba 3, ofseti 6 za stringi (ofseti ni umbali wa kufikia stringi, yaani mfuatano wa herufi), na jedwali la stringi lenye baiti 12.

Majina yapo wazi, unayaona kabisa, yanafungwa na 00.

Sasa kuanzia hapa tulia kidogo. Sisi tumeandika am peke yake, mbona ndiyo-hapana zipo mbili, 00 01? Ni kwamba faili halihifadhi jina la kitu chochote, hakuna sehemu imeandikwa am wala cols, kila kitu kinajulikana kwa nafasi yake kwenye foleni na foleni haibadiliki. Wa kwanza ni bw, wa pili ni am, sasa kama unataka kumfikia am lazima umpitie bw hata kama hayupo. Namba nazo hivyohivyo: 50 00 ni cols 80, ff ff maana yake nafasi hii haina mtu (ni ya it, mambo ya tabu), 18 00 ni lines 24. Ukikuta fe ff ujue ilifutwa makusudi.

Ila kabla ya 50 00 kuna 00 moja imekaa peke yake, na mi hapo ndo nililiwa. Namba lazima zianzie kwenye baiti shufwa, na 12 jumlisha 25 jumlisha 2 ni 39, witiri, kwa hiyo tic anachomeka baiti moja ya kujazia. Nilivyoisahau nikasoma 00 50, nikapata safu 20480, skrini ya kutoka hapa mpaka Lindi.

Zikiisha namba zinakuja ofseti sita (cbt, csr na tbc ni wenzao wa foleni ambao sisi hatukuwaandika): cbt hayupo, bel 0, cr 2, csr hayupo, tbc hayupo, clear 4. Zinahesabiwa toka mwanzo wa jedwali la stringi, ambalo kwetu linaanza baiti ya 58. Clear basi ni 58 na 4, nenda 62, utakuta 1b 5b 48 1b 5b 32 4a halafu 00 ya kufunga. Ndo ile \E[H\E[2J yetu.

Unataka kuhakikisha umeelewa? Ongeza colors#8, kompaili tena. Colors yuko nafasi ya 14, kwa hiyo heda itasema 0e 00 badala ya 03 00 na faili litafika baiti 92, zote hizo kwa ajili ya rangi nane tu.

Turudi kwenye seva. Kwenye laptop xterm-256color yangu haikuanza na 1a 01, ilianza na 1e 02, yaani 542. Huo ni muundo uliokuja na ncurses (maktaba inayosoma mafaili haya) 6.1 mwaka 2018, namba zina baiti nne badala ya mbili (heda na ofseti zimebaki mbilimbili), maana baiti mbili zinaishia 32767 na pairs (idadi ya jozi za rangi) ya xterm-256color siku hizi ni 65536. Ncurses ya zamani ikikutana na 1e 02 inalikataa faili lote. Kwa hiyo usipeleke faili lililokompailiwa, peleka maandishi (infocmp ndiyo inayoyatoa), na hiyo pairs uipunguze:

```
infocmp xterm-256color | sed 's/pairs#[^,]*/pairs#32767/' > x.ti
scp x.ti seva:
ssh seva tic x.ti
```

Nikaingia tena, vim ikafunguka na rangi zake zote. Mteja nilimwandikia bili ya masaa mawili, ingawa lisaa zima nilikuwa natafuta ile sifuri ya kujazia.