Kulala Mandara ukitokea Dar: safari inaanzia Karume

Si lazima ufike kilele cha Uhuru ndipo uitwe umepanda Kilimanjaro. Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, kipo mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka getini ni mwendo wa saa tatu au nne, unalala kitandani kwenye kibanda cha mbao, kesho yake unashuka. Mkazi wa Sinza au Mbagala mwenye afya njema anaiweza. Wengi huharibikiwa kwenye maandalizi ya huku huku Dar.

1. Chagua mwezi. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, lakini usidanganyike na neno hilo: njia yote hadi Mandara ni msitu, na manyunyu huja yakijisikia. Joto hushuka kama digrii 6 kila mita 1,000, kwa hiyo toa digrii 16 kwenye hali ya hewa ya Dar, kisha ujue baridi ya usiku ni zaidi ya hapo.

2. Tafuta buti. Mitumba ya soko la Karume inatosha kabisa, ila usinunue kwa macho. Buti la mlima lililokaa stoo miaka mingi ngozi yake hung'aa kama jipya huku soli imeshakufa, kwa sababu ile sponji ngumu ya katikati huoza hata bila kuvaliwa. Likunje kwa nguvu, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona nyufa au ungaunga unadondoka, rudisha, hata muuzaji akishusha bei hadi ya ndala. Fundi viatu hawezi kukuokoa hapo. Uzi wake hauna pa kushika.

Lijaribu ukiwa na soksi nene. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, halafu kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Bila nafasi hiyo, kucha zitalia siku ya kushuka. Hapo hapo Karume okota sweta zito, glavu na kofia ya sufu. Koti la mvua usilikose.

3. Zoeza miguu. Ngazi za ghorofa yoyote, mgongoni begi lenye chupa za maji, ukiwa umevaa buti lile lile. Usishuke kwa lifti: kushuka ndiko kunakouma mapaja. Wikiendi nenda vilima vya Pugu.

4. Vibali. Kupanda bila mwongozaji mwenye leseni hairuhusiwi, hivyo pitia kampuni iliyosajiliwa. Ada za hifadhi hazilipwi kwa pesa mkononi. Beba kitambulisho cha NIDA, maana Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni. Maji yaweke kwenye chupa ngumu ya kudumu. Zile za plastiki za maji ya dukani haziruhusiwi kupanda.

5. Safari. Basi toka Stendi ya Magufuli, Mbezi, hadi Moshi hula siku nzima. Lala Marangu. Kuunganisha basi na mlima siku moja ni kujitesa tu.

6. Kupanda. Ukishindwa kupiga soga, unakimbia; punguza mwendo. Mbega na kima watakupa sababu za kusimama.

Ukifika, kabla ya chai, vua fulana iliyolowa jasho uvae kavu. Baridi inayowatesa watu wa pwani pale huanza na hiyo fulana. Nguvu zikiwepo, nenda kreta ya Maundi, ni kama robo saa tu, kisha rudi ulale Mandara, chini kuliko ulipofika.

Kichwa kikiuma kidogo, kunywa maji, pumzika. Kikizidi, au ukianza kutapika na kuyumba, mwambie mwongozaji mshuke, hata iwe usiku wa manane. Kesho yake, kabla ya kushuka, kaza kamba za buti pale kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele.