Kabla Hujafunga Kipima Umeme na Kukiunganisha na Home Assistant

Unataka kuona matumizi ya umeme wa nyumba yako kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani? Usianze na duka, anza na mita uliyonayo. Mita nyingi za LUKU zina kijitaa chekundu kinachowaka na kuzima umeme unapotumika, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake kijitaa hicho kikiwaka mara 1,000 umemaliza uniti moja. Hicho ndicho kipimo chako cha bure. Zima kila kitu, acha friji peke yake, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati: sekunde 36 ni wati 100. Kwa jagi la umeme mimweko inakimbia, kwa hiyo hesabu kumi kwa pamoja na ugawanye 36,000. Zikichukua sekunde 18, jagi linakula wati 2,000. Kama mita yako inasema namba nyingine, 800 au 1,600, hesabu inabadilika, basi isome kwanza. Andika kwenye daftari: friji, pampu, pasi, na nyumba nzima usiku watu wakiwa wamelala. Daftari hilo litahitajika tena mwishoni.

Pili, jiulize unatafuta nini. "LUKU inaisha haraka" ni lalamiko, bado si swali. Ukimshuku friji tu, plagi janja moja yenye kupima inatosha na huhitaji fundi. Hita ya maji ya bafuni au pampu kubwa usiiwekee plagi ya namna hiyo, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa ampia 10 hadi 16 na zikibebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu zinapata moto. Ukitaka kujua nyumba nzima, hapo ndipo unahitaji kifaa cha klampu kinachokaa kwenye DB, yaani boksi la breka za nyumba.

Klampu ndiyo inayowaangusha wengi. Inakumbatia waya mmoja tu, wa moto. Ukiipitisha kwenye waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, mkondo unaokwenda unafutana na unaorudi, na utaangalia sifuri siku nzima huku feni zinazunguka. Ina mshale pia, unaotakiwa kuelekea kwenye matumizi. Kabla ya kununua angalia meni swichi yako imeandikwa ampia ngapi: ikiwa 63, klampu ya ampia 50 si yako. Angalia pia unene wa waya, maana kuna klampu ambazo hazifungi vizuri kwenye waya mnene, na zikiacha mwanya zinasoma pungufu. Nyumba ya fezi tatu inataka klampu tatu, kila moja ikiwa kwenye fezi ileile ambayo kifaa kinaipimia volti. Ukizichanganya, utapata namba za ajabu zinazofanana kabisa na namba za kweli.

Uliza jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: je, kifaa kinapima volti, au kinapima mkondo tu na kuichukulia volti kuwa 230? Mitaa mingi tunaijua, jioni taa zinafifia na volti inashuka hadi 190. Kifaa kinachokisia kitakuongezea asilimia 21 hapo hapo. Halafu friji na pampu zina mota, na kwenye mota ampia ukizidisha kwa volti hupati wati za kweli. Kwa mfano, kifaa cha Shelly EM hupima volti na kina njia mbili za klampu. Kaka yake 3EM ni ya fezi tatu. Wapenda kujitengenezea hutumia kipimo cha PZEM-004T pamoja na ESP32 (chipu yenye WiFi) na ESPHome (programu ya kuiendesha). Ni ya bei nafuu na inafanya kazi, ila sehemu zake za kuunganishia waya zinabeba umeme wa nyumba zikiwa wazi. Usiifunge bila boksi.

Kufunga mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama una mkono mzuri. Sababu ni hii: ukizima meni swichi, waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye swichi hiyo bado una umeme. Mita yenyewe na lakiri zake ni mali ya TANESCO, haziguswi. Klampu inakaa upande wako. Mwambie fundi mapema kwamba kifaa kinahitaji sakiti breka yake ndogo, akague kama nafasi ipo. Nimeona DB iliyojaa hadi mlango haufungi kwa sababu ya kijiboksi cha ukubwa wa kiberiti.

Mlango huo ukiwa wa chuma, WiFi inateseka. Vifaa vingi vya aina hii hushika 2.4 GHz pekee, basi simama na simu mbele ya DB na uone kama mawimbi hayo yanafika huko. Kwenye ruta kitengee kifaa anwani ya IP isiyobadilika. Na kwa kuwa umeme wetu unakatika, ruta na kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant zipate UPS. Raspberry Pi inayotegemea kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika kadi ikizimwa ghafla mara kwa mara; SSD ni salama zaidi.

Hakikisha pia kifaa kinaongea na Home Assistant moja kwa moja ndani ya nyumba, kwa MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe) au njia nyingine, bila kwenda kwanza kwenye seva ya ng'ambo. Bando likiisha, namba zisiishe nalo. Tena grafu ya umeme inaonyesha wazi saa ambazo nyumba haina mtu, na sioni kwa nini mgeni aijue.

Ndani ya Home Assistant, ukurasa wa nishati uliokuja Agosti 2021 hautaki wati. Unataka kaunta ya kWh inayopanda. Kifaa kinachotoa wati tu kitahitaji kisaidizi cha kujumlisha (Integral), na kwa vitu vinavyowaka na kuzima ghafla kama pasi, chagua mbinu ya kushoto (left Riemann sum). Bila kubadilisha chochote, historia ya kina hufutwa baada ya siku 10, lakini takwimu za kila saa hubaki.

Bei ina mtego wake. Mteja wa kundi la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75, zikizidi ni 350, kwa hiyo bei moja iliyoandikwa mara moja itakudanganya kuanzia katikati ya mwezi. Wala usigawanye pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata: ndani yake kuna VAT, tozo za REA na EWURA, na tangu 2021 kuna kodi ya majengo. Soma mistari ya risiti.

Siku ya kufunga, rudi kwenye daftari. Washa jagi peke yake na uone kama skrini inasema karibu na ulichoandika. Nilipofanya hivyo kwangu, pampu ilisoma wati 740 za hasi, kana kwamba kisima kinaiuzia TANESCO umeme. Mshale ulikuwa umegeuzwa. Kisha soma uniti zilizobaki kwenye LUKU saa 12 asubuhi, zisome tena kesho saa hiyohiyo bila kuongeza tokeni katikati, na ulinganishe tofauti na kaunta ya kifaa. Asilimia mbili tatu si neno. Ikipungua kwa theluthi kwenye nyumba ya fezi tatu, kuna klampu ambayo haisomi. Fanya hivyo siku tatu, ndipo ummalizie fundi hela yake.